Kuchagua bunduki fupi ya wenzo inayotumia risasi za bastola

Bunduki ya wenzo ni ile inayoingizwa risasi kwenye mtutu kwa kushusha na kupandisha mkono wa chuma ulio chini ya kifyatulio. Ukiitafuta, anza na risasi, bunduki baadaye. Mwenye shamba la korosho Newala au Nachingwea akiipenda bunduki kwa sura yake tu, huenda akakuta duka lenye leseni halina risasi zake. Uliza kwanza ipi inapatikana mwaka mzima: .357 Magnum, .44 Magnum au .45 Colt. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni hutangulia silaha, basi usilipe kitu kabla ya kumalizana na polisi. Na leseni ya bunduki si kibali cha kuwinda. Nguruwe pori akivamia shamba, taarifa huenda kwa ofisa wanyamapori.

Kama zote zinapatikana, sisi tungechukua .357. Bunduki yake inakubali pia .38 Special, ambayo haina kishindo kikubwa na inafaa kujifunzia. Hapo kuna mtego mmoja: ganda la .38 ni fupi, kwa hiyo masizi hujijenga kama pete mbele yake ndani ya chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inapokaa risasi. Ukirudi kwenye .357 bila kusafisha, ganda linaingia kwa shida na kutoka kwa shida zaidi. Piga brashi chemba kila baada ya mazoezi. Anayetaka uzito wa kumwangusha nguruwe mkubwa achukue .44, ila ajiandae kwa teke la bega. Kwa zote mbili, mita 100 ni mbali tayari.

Magazini ya bunduki hizi ni bomba lililolala chini ya mtutu, na risasi hupangana humo kichwa cha moja kikigusa kiwashio cha iliyo mbele yake, yaani kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti. Ndiyo maana hutumika vichwa bapa. Chenye ncha kali kinaweza kulipua ya mbele kwa mtikisiko wa teke, bomba likapasukia mkononi.

Kuhusu urefu, mtutu wa inchi 16 unatosha. Baruti ya .357 imeshafanya karibu kazi yake yote hapo, na inchi 20 zinaongeza kasi kidogo tu, ingawa zinatoa nafasi ya risasi mbili hivi zaidi na kulenga kwa utulivu. Katikati ya mikorosho yenye matawi ya chini, fupi inageuka kirahisi. Utaona nyingi zinaishia inchi 16 kwa sababu sheria ya Marekani inabana bunduki zenye mtutu mfupi zaidi ya hapo.

Kwa muundo, Rossi R92, inayofuata Winchester ya 1892, ni nyepesi na hutupa maganda juu. Marlin 1894 huyatupa pembeni, kwa hiyo inapokea darubini bila taabu.

Ukikagua bunduki iliyokwisha kutumika, hakikisha kwanza haina kitu, chemba na magazini. Fungua wenzo, ingiza kipande cha karatasi nyeupe nyuma ya mtutu, elekeza mwanga hapo, uchungulie kutoka mdomoni. Mifereji ya ndani ya mtutu iwe na kingo kali; pete nyeusi katikati ni dalili ya mtutu uliovimba. Jaza risasi bandia na uendeshe wenzo hadi mwisho, kwa nguvu. Anayeuendesha nusunusu ndiye anayekwamisha risasi, na mara nyingi lawama huishia kwa bunduki. Kisha iweke nyundo kwenye nusu koki, yaani ivute nyuma nusu tu hadi ishike, na uisukume kwa dole gumba: ikianguka, usiinunue bunduki hiyo. Pima pia bomba la magazini kwa vidole, kwani kibonyeo kidogo huzuia springi. Tazama mbao nyuma ya chuma kama imepasuka, na namba ya bunduki ilingane na karatasi zake.

Ukiwa Mikindani au Kilwa, chumvi ya bahari huanza kula chuma mapema. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta, ifungie kwenye kabati la chuma, risasi zikae mahali pengine. Mkoba wa ngozi ni wa kubebea tu. Ukiiacha humo masika, unyevu unabaki na kutu inaanzia chini ya wenzo.