Jinsi ya kutafsiri It's a Gift barazani bila kuiharibu

Muvi ni ya vichekesho ya mwaka 1934, nyeusi na nyeupe, dakika 68 tu, na mume anaigizwa na W.C. Fields. Anaitwa Harold, ana duka la vyakula New Jersey, na mkewe Amelia anamfokea toka asubuhi mpaka asubuhi nyingine. Ukitaka kuwawekea ndugu na majirani, iwe Mikindani, Ligula au Lindi mjini, wewe ndo utashika maiki, maana jamaa anaongea kwa kunung'unika hata aliyesoma Kiingereza haambulii yote.

Sasa ugonjwa wa watafsiri wetu wa vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi, mnaujua, kuongea mfululizo. Kwenye muvi za kupigana sawa, mtu akirusha teke na wewe unarusha neno. Hapa ukifanya hivyo umeiua, kazi yako kubwa ni kujua wapi pa kunyamaza.

Anza na majina. Harold na Amelia watu watachanganya, we sema Baba Mildred na Mama Mildred, binti yao mkubwa kweli anaitwa Mildred, halafu uone kina mama wanavyosogeza mkeka mbele. Mama Mildred usimtafsiri neno kwa neno. Aliyemwigiza ni Kathleen Howard, alikuwa mwimbaji wa opera kabla ya kuingia kwenye muvi, sauti imeshiba, muache asikike vizuri halafu we ufupishe: "anasema huna akili". Yeye kaongea wee mpaka kaishiwa pumzi, we maneno matatu, hapo ndo wanapoanguka. Ila Baba Mildred kila anachonung'unika kitafsiri, maiki mdomoni kabisa, na wewe unung'unike hivyohivyo kama unaogopa mtu chumba cha pili.

Lazima atatokea mtu wa kupiga kelele huyo mume kalishwa limbwata, dawa ya mapenzi. Usimchochee. Mi naona mama ana hoja zake, mume kapata hela ya urithi wa mjomba, badala ya kutulia anachukua shamba la machungwa California ambalo hajawahi kulikanyaga, sawa na mtu ununue shamba la mikorosho Nanyumbu kwa picha ya WhatsApp. Wa kwako angenyamaza?

Dukani kuna mzee haoni na hasikii vizuri, ana mkongojo. Anavunja kioo cha mlango, anavunja balbu, Baba Mildred anakimbia huku na huku akimuita kwa upole, na baada ya hasara yote hiyo mzee ananunua bigijii, ile ya kutafuna, tena anataka apelekewe nyumbani! Hapo tafsiri hiyo oda ya bigijii tu, vioo vinajieleza.

Halafu inakuja sehemu ya kibarazani, ndo moyo wa muvi nzima. Jamaa kakosa usingizi kwa maneno ya mkewe, anatoka nje alale kwenye bembea alfajiri. Kabla haijafika punguza maiki, ongeza spika, feni zima, na kama umeme umekatika mnatumia jenereta basi liwe nyuma ya nyumba mbali kabisa, kwa sababu kichekesho chote hapa ni makelele: bembea inakatika, muuza maziwa anapita na chupa zake zinagongana, halafu nazi inaanza kushuka ngazi. Inagonga ngazi, unadhani imetulia, inagonga nyingine, taratiiibu, mpaka chini kwenye mapipa. Usiseme kitu! Watoto wataanza kuhesabu wenyewe. Rudi kwenye maiki anapokuja yule wakala wa bima anamtafuta mtu asiyekuwepo na kumtajia jina herufi kwa herufi, lisome kwa uchangamfu ule unaokera, halafu nyamaza tena maana juu kuna mtoto anadondosha zabibu kupitia tundu, zinamwangukia Baba Mildred usoni.

Safari ya kwenda California ipitishe haraka, pale wanapokula na kuchafua bustani ya watu patawachekesha bila msaada. Wakifika shamba ni kichaka na kibanda kimechoka, gari nalo linasambaratika, mke anaondoka na watoto. Usiwadokeze kinachofuata. Kumbe kuna watu wanaitaka ardhi ile kwa ajili ya uwanja wa mbio za farasi, na jirani kashamnong'oneza. Mama Mildred karudi, anamsukuma akubali bei ya kwanza, na kwa mara ya kwanza jamaa hasikii la mtu, anapandisha mpaka anapata dola 40,000 na ushee pamoja na shamba la machungwa la kweli. Mnunuzi anamwambia umelewa, anajibiwa pombe itanitoka kesho, wazimu wako hautoki milele. Hilo jibu litoe harakaharaka, ukisubiri limepoa.

Mwisho anakamulia chungwa kwenye glasi, anamiminia na kitu toka kwenye chupa ya mfukoni. Kitu gani usitaje, kama kuna mashehe mkekani watakuwa wameshaelewa.