Kulala bila kuvuja kwa pedi za kufua na kikombe cha hedhi

Mimi hulala chali, na ukilala chali damu haidondoki moja kwa moja kama mchana. Hufuata mfereji wa makalio kuelekea kiunoni. Ndiyo maana pedi fupi haitoshi usiku, hata iwe nene kiasi gani. Unachohitaji ni urefu. Chagua pedi ya kitambaa iliyopanuka upande wa nyuma, kisha isogeze nyuma kuliko unavyoiweka mchana. Anayelala kifudifudi aisogeze mbele.

Chupi nayo ina kazi. Ikilegea, pedi huhama unapojigeuza, na hapo ndipo shuka huchafuka. Vaa ya pamba inayobana kiasi.

Siku za damu nyingi natumia kikombe cha hedhi, yaani kikombe kidogo laini kinachoingizwa ukeni kukinga damu, pamoja na pedi nyembamba. Kimwage na kukiosha kabla tu ya kulala. Ukishakiingiza, pitisha kidole safi kukizunguka: ukihisi mkunjo, hakijafunguka vizuri, nacho kitavuja. Kizungushe taratibu mpaka kikae sawa. Kisikae ndani zaidi ya muda wa saa 12, au pungufu kama maelekezo yake yanasema hivyo.

Asubuhi suuza pedi kwa maji baridi. Ya moto hugandisha doa. Achana na dawa ya kulainisha nguo, maana hupunguza uwezo wa kitambaa kufyonza. Anika juani zikauke kabisa.

Na kama unajaza pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, tafadhali dada yangu, usivumilie. Nenda ukamwone daktari.