Kuzunguka Mji wa Kale Mombasa siku moja, unakula huku unaona historia

Kama una siku moja tu Mombasa, chai ya hotelini achana nayo. Shuka matatu pale Posta mapema kabla jua halijawa kali, tafuta mama anayeuza mahamri na mbaazi za nazi, keti ule, lakini ule kiasi manake leo ni kula mpaka usiku na tumbo ni hilo hilo moja.

Ukimaliza fuata Nkrumah Road mpaka Fort Jesus, kwa miguu ni karibu tu. Ingia asubuhi hiyo hiyo, ule uwanja wa kati kivuli hauna na saa sita utaiva mzima mzima. Ukitaka mtu wa kukuzungusha elewaneni bei kabla hamjaanza, si baadaye. Ngome yenyewe Wareno waliijenga 1593 mpaka 1596, aliyechora ramani ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, lakini mimi stori ninayoipenda ni ya Waomani kuizingira kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698, karibu miaka mitatu watu wamefungiwa, na waliokufa ndani wengi ni njaa na maradhi kuliko mizinga. Ile meli iliyotumwa kuwaokoa, Santo António de Tanna, ilizama hapo hapo chini ya ngome 1697 na vitu vyake viko kwenye makumbusho, usipite mbio.

Alafu toka uingie Ndia Kuu, ile barabara ya zamani ya Mji wa Kale. Hapa tembea pole pole, angalia milango ya kuchongwa na zile roshani za mbao, pitia Msikiti wa Mandhry ambao unatajwa kuwa wa 1570 na mpaka leo watu wanaswali, so vaa nguo ya heshima, na picha za watu omba kwanza. Ijumaa mchana vichochoro vinajaa watu wa swala, panga siku ingine ukiweza.

Mchana kula wali wa nazi na samaki wa kupaka. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipopita Mombasa 1331 aliandika kwamba chakula cha watu hapa ni ndizi na samaki, na nafaka inaletwa kutoka nje, sasa we hesabu: muhogo, mahindi, pilipili, vyote vilikuwa bado huko Amerika, vilikuja baadaye na meli za Wareno. Nusu ya unachokula leo jioni Ibn Battuta hakuijua kabisa!

Jua likipoa pita soko la Marikiti ununue bizari na mabuyu, usichukue ya duka la kwanza, onja onja.

Jioni ndo raha. Rudi Mji wa Kale ule viazi karai vikitoka kwenye mafuta, ile ngozi ya manjano bado inalia, mwambie akupasulie katikati amwagie ukwaju mwingi na pilipili, na muhogo wa kukaanga kando. Funga na kahawa tungu kutoka kwenye dele, lile birika la kahawa, juu ya makaa, kikombe kidogo na kashata, sukari usiulize. Beba noti ndogo ndogo na chenji, elfu nzima kwa kikombe cha kahawa utamkera mzee wa watu. Na kama ni Ramadhani geuza ratiba yote, mchana ngome na vichochoro, vyakula vyote baada ya magharibi.