p63 au p40? Angalia kabla ya kuagiza kingamwili

Kama unachunguza saratani ya seli bapa, iwe ya umio au ya mapafu, usiagize kingamwili ya p63, yaani kitendanishi kinachoshika protini hiyo kwenye tishu, kwa kutazama jina tu. Jeni ya p63 hutoa protini za makundi mawili, TAp63 na ΔNp63. Kloni (aina moja mahususi ya kingamwili) maarufu ya 4A4 hushika zote mbili, na imeonekana kushika hata p73, ndugu yake wa karibu. Ndiyo maana baadhi ya adenokasinoma (saratani za seli za tezi) za mapafu nazo hupata rangi, na msomaji wa slaidi akapotoka. Kingamwili ya p40 hushika ΔNp63 peke yake, ambayo ndiyo inayotawala kwenye seli bapa. Kwa kutenganisha saratani ya seli bapa na adenokasinoma, mimi ningeanza na p40 bila kusita.

Kila unapopaka rangi, weka na kipande cha tonsili cha kulinganishia. Viini vya seli za tabaka la chini la epithelia vitoke kahawia; ukitumia p40, limfosaiti (aina ya seli nyeupe za damu) zibaki tupu. Rangi iliyo kwenye saitoplazimu pekee usiihesabu kuwa chanya.

Daftarini andika kloni, namba ya katalogi na namba ya toleo. Kingamwili za polikloni (mchanganyiko wa kingamwili nyingi, si kloni moja) hutofautiana toleo kwa toleo.