Kutambua R au S ya asidi kairali kwa dikroizimu ya mviringo: mfano wa asidi ya mandeliki

Asidi kairali ina maumbo mawili, enantioma, yanayofanana kama kitu na taswira yake kwenye kioo; R na S ni majina ya mipangilio yao. Dikroizimu ya mviringo hupima tofauti ya jinsi sampuli inavyofyonza mwanga unaozunguka kushoto na unaozunguka kulia. Enantioma mbili za asidi moja hutoa spektra zilizo kinyume: pale moja inapopanda, nyingine hushuka. Alama ya kilele (chanya au hasi) hutosha kutambua mpangilio, mradi sampuli iwe katika hali moja inayojulikana na ulinganishe na asidi yenye muundo wa karibu.

1. Mashine. Fungulia nitrojeni kavu, lita 3 hadi 5 kwa dakika, angalau dakika 10 kabla ya kuwasha taa ya zenoni. Usiiruke hatua hii. Mwanga wa taa hugeuza oksijeni kuwa ozoni, na ozoni huharibu vioo vya ndani. Iache taa nusu saa itulie, kisha hakiki usomaji kwa kielelezo cha kawaida, amoniamu d-10-kamfasulfonati 0.06% kwenye maji, kuveti ya sm 1. Kwenye nm 290.5 isomeke takriban +190 mdeg (milidigrii).

2. Sampuli. Yeyusha mg 1.5 za asidi katika mL 10 za asidi ya pakloriki 10 mM, upate takriban 1 mM. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Asidi na anioni yake zina spektra tofauti, kwa hiyo kwenye maji matupu unapima mchanganyiko wa zote mbili. pH ya 2 huiweka karibu yote katika umbo la asidi. Pakloriki ni bora kuliko haidrokloriki, kwa kuwa kloridi hufyonza mwanga chini ya nm 200. Viyeyushi vya asetoni na DMSO viepuke kabisa, kwa kuwa navyo hufyonza mwanga huu.

3. Kupima. Kuveti ya kwatzi ya mm 1, nm 300 hadi 200, kasi nm 50 kwa dakika, muda wa mwitikio sekunde 1, upana wa bendi nm 1, marudio 3. Pima kiyeyushi kitupu kwa kuveti ileile, upande uleule ukielekea taa, kisha utoe usomaji wake kwenye usomaji wa sampuli. Fuatilia volti ya kigunduzi: ikipita 600, mstari huanza kuchachamaa na kujifanya kilele. Sehemu hiyo ikate, au punguza ukolezi.

4. Hesabu. Δε, yaani tofauti ya ufyonzaji kwa kila mol/L na sm, = mdeg ÷ (32980 × ukolezi kwa mol/L × urefu wa kuveti kwa sm). Kwa sampuli yetu, −30 mdeg ni Δε ya −9.1.

5. Kusoma. Kilele hasi karibu na nm 222 ni R-mandeliki. Chanya ni S. Asidi ya laktiki isiwe kielelezo cha asidi yenye fenili, maana fenili ina ufyonzaji wake eneo hilohilo. Asidi za amino za L (jina la mpangilio la mfumo mwingine, si R/S), kwenye asidi, kwa kawaida huwa chanya karibu na nm 210, lakini herufi hupotosha: sisteini ya L ni R, ilhali serini ya L ni S. Linganisha mpangilio wa vikundi angani, kisha ndipo uandike herufi.

Pasipo kielelezo, kokotoa spektra ya konfoma (maumbo ambayo molekuli huchukua ikijikunja) zote zenye nishati ya chini kwa TD-DFT, mbinu ya kompyuta ya kemia ya kwanta, uzipe uzito wa Boltzmann, yaani kadiri kila moja inavyotarajiwa kuwepo, kisha uilinganishe na uliyopima. Ishara ikiwa dhaifu kuliko ilivyotarajiwa, pima usafi wa enantioma kwa kromatografia kairali. Mchanganyiko hupunguza kimo cha kilele, haugeuzi alama ya enantioma iliyo nyingi.