Kukata mkato wa kuruka kwenye filamu ya milimita 35

Mikato ya kuruka, yaani ile inayofanya picha iruke mbele ghafla, ya filamu À bout de souffle (1960) ilipitia mikononi mwa Cécile Decugis, mhariri wa filamu Mfaransa. Filamu ilikuwa imezidi urefu, na mwongozaji wake, Jean-Luc Godard, akaamua wachomoe vipande katikati ya shoti (picha zilizopigwa mfululizo bila kamera kusimama), si kutupa matukio mazima. Kwa mkono, kazi hiyo hufanyika hivi.

Kata nakala ya kazi tu, yaani nakala iliyochapwa kwa ajili ya kuhariri; negativu, filamu asilia iliyotoka kwenye kamera, haiguswi. Fremu moja, yaani picha moja kwenye filamu, ina matundu manne kila upande na kimo cha milimita 19. Fremu 24, yaani sentimita 45.6, ni sekunde moja, kwa hiyo hata rula inakuonyesha muda uliochomoa.

Tia alama ya kalamu ya nta kwenye fremu ya mwisho inayobaki na ile ya kwanza baada ya pengo. Laza filamu kwenye kiungio, kifaa cha kukatia na kuunganishia filamu, pini zake ziingie kwenye matundu, ukate juu ya mstari unaogawa fremu. Ukikosea kwa tundu moja, kuanzia hapo picha itakaa juu au chini ya mahali pake kwenye skrini. Gusanisha ncha bila kupandana, ubandike utepe pande zote mbili. Ukibandika upande mmoja tu, kiungo hufunguka kama bawaba kikipita kwenye mashine.

Uchomoe kiasi gani? Fremu mbili tatu huonekana kama hitilafu ya mashine. Endelea mpaka mandhari ya nyuma yahame waziwazi. Tazama tukio la garini katika À bout de souffle: kisogo cha mwigizaji Jean Seberg kimetulia, barabara inabadilika ghafla, sauti ya mwigizaji mwenzake, Jean-Paul Belmondo, inaendelea. Ujanja ni kwamba midomo haionekani, na sauti iliingizwa baadaye. Kama sauti yako ilinaswa papo hapo na midomo inaonekana, punguza fremu zilezile kwenye utepe wa sauti pia. Huo ukate mshazari, la sivyo kiungo kitalia “tak”.

Vipande usitupe, hata cha fremu mbili. Vining'inize vikiwa na namba ya shoti. Namba zilizochapwa ukingoni mwa filamu huja kila baada ya fremu 16, na ndizo zinazomwongoza mkata negativu, anayekata negativu ilingane na nakala ya kazi. Kipande kisicho na namba atakitafuta kwa macho.

Baadaye Decugis alihariri Ma nuit chez Maud (1969) ya Éric Rohmer, ambamo watu hukaa na kuzungumza kwa muda mrefu. Humo mkato wa kuruka ungewakata watu kauli.