Namna ya Kuwalisha Bakteria wa Utumbo ili Kinga ya Mwili Itulie

Sehemu kubwa ya seli za kinga za binadamu imekaa katika ukuta wa utumbo, na jirani zao wa karibu ni matrilioni ya bakteria wanaoishi ng'ambo ya ukuta huo, ndani ya utumbo mpana. Mwongozo huu unaeleza bakteria hao wanakula nini na jinsi ya kukiandaa chakula chao katika jiko la kawaida. Ninauandika kwa sababu ninaona watu wakinunua kwa bei kubwa, katika makopo ya unga mweupe, kitu ambacho tayari wanacho ghalani kwa jina la maharage.

Chakula hicho ni nyuzinyuzi, ambazo wataalamu wa lishe wa Tanzania huziita pia makapi-mlo. Mwili wetu hauna vimeng'enya vya kuzivunja, kwa hiyo hupita katika utumbo mwembamba zikiwa nzima na kufika utumbo mpana, ambako bakteria huzingoja. Baadhi yake kazi yake kubwa ni kuongeza wingi wa choo tu. Zile zinazowanufaisha bakteria wema huitwa prebiotiki, jina lililotolewa mwaka 1995 na Glenn Gibson na Marcel Roberfroid: inulini iliyomo katika vitunguu, sukari ndefu za jamii ya kunde, na wanga sugu, yaani wanga unaokataa kumeng'enywa, kama ule wa ndizi mbichi.

Bakteria wakizichachusha hutoa asidi ndogondogo za mafuta, na iliyo muhimu zaidi kwa mada yetu ni butirati. Seli zinazotanda ukuta wa utumbo mpana hupata sehemu kubwa ya nishati yake kutokana na butirati hiyo, na katika kuiunguza hutumia oksijeni nyingi, jambo linalouacha utumbo bila hewa ambayo vijidudu wabaya kama salmonela wangeitumia kustawi. Butirati pia husaidia kukua kwa seli za kinga ambazo kazi yake ni kuzizuia nyingine zisipigane pasipo adui. Ndiyo maana nimeandika kwamba kinga itulie, si kwamba ipande, kwa kuwa kinga inayowaka ovyo huudhuru mwili uleule inaoulinda.

Bakteria wasipoletewa chakula hawafi kimyakimya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, panya waliopandikizwa bakteria wa utumbo wa binadamu walinyimwa nyuzinyuzi, na bakteria wakageukia ute unaofunika ukuta wa utumbo, wakaula hadi ukawa mwembamba na kijidudu cha maradhi kikapata njia ya kuusogelea ukuta wenyewe. Kwa binadamu tunao ushahidi wa karibu na nyumbani. Mwaka 2025 watafiti wa Moshi na wa Nijmegen, Uholanzi, walitoa matokeo ya jaribio la wanaume 77 wa kaskazini mwa Tanzania. Wanakijiji waliohamishiwa mlo wa mtindo wa Magharibi kwa wiki 2 walionyesha dalili za mchochoto, yaani kinga kuwaka ovyo, kuongezeka katika damu, na seli zao za kinga zikawa dhaifu zaidi zilipokutanishwa na vijidudu. Watu wa mjini waliopewa mlo wa asili wa kunde, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa walikwenda upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki 4 baadaye. Mlo wa asili una mengi zaidi ya nyuzinyuzi, kwa hiyo sifa yote si yake, lakini wiki 2 ni muda mfupi wa kutosha kumtia moyo yeyote anayetaka kuanza.

Lengo ni angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima, kiasi kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Anza na jamii ya kunde, kwa sababu hakuna chakula kingine cha bei yake kinachokaribia: kikombe kimoja cha maharage, kunde au mbaazi zilizoiva huwa na gramu 11 hivi, na choroko huzidi hapo. Gesi inayowatisha watu hutokana na sukari zilezile ambazo bakteria wanazipenda, yaani ni moshi wa jiko linalofanya kazi, na hupungua kadiri utumbo unavyozoea. Ili isikukatishe tamaa, loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha yachemshe kwa maji mapya. Maharage mekundu hasa yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza moto, kwa kuwa yana sumu ambayo moto mdogo hauiondoi. Wiki ya kwanza kula vijiko 3 au 4 vya mezani kwa siku, wiki ya pili ongeza hadi nusu kikombe, na ya tatu au ya nne ufikie kikombe kizima. Anayeruka hatua hizi huumwa tumbo, kisha hulitupia lawama harage.

Hatua inayofuata ni unga. Badili sembe kwa dona, ambayo imebaki na pumba na kiini cha mahindi, au changanya nusu kwa nusu ikiwa familia inalalamikia rangi na ladha. Uji wa asubuhi uwe wa ulezi au mtama. Dona haikai muda mrefu kwa sababu ya mafuta ya kiini, kwa hiyo saga kidogo kidogo na ukague mahindi kabla ya kusaga, kwani yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na hakuna faida ya nyuzinyuzi inayofidia hatari hiyo.

Kiporo nacho kina sayansi yake, nami nakipenda zaidi kwa kuijua. Wali, viazi au ndizi zikipikwa kisha zikapoa, sehemu ya wanga hujipanga upya na kuwa wanga sugu, na kiasi kizuri cha wanga huo hubaki hata chakula kikipashwa moto tena. Hata hivyo wali ulioachwa juu ya meza usiku kucha huzaa bakteria ambao sumu yao haiondoki kwa kupasha moto. Utandaze wali kwenye sinia upoe haraka, uingize ndani ya friji kabla hazijapita saa 2 tangu uive, uule kesho yake, na uupashe mara moja tu hadi utoe mvuke. Asiye na friji aachane na kiporo kabisa na ategemee kunde na dona, kwani hatapungukiwa na kitu.

Vitunguu maji na vitunguu saumu tayari vimo katika kila mchuzi, basi ongeza kipande. Nusu ya parachichi huongeza gramu 6 hivi na pera moja gramu 3, na ubuyu una nyuzinyuzi nyingi zinazoyeyuka, mradi unywe juisi yenye unga wake na usiijaze sukari. Badilisha aina za vyakula katika wiki, kwa kuwa kila kundi la bakteria lina chakula chake, na mtu anayekula maharage peke yake kila siku anawalisha wachache. Kunywa maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi nyingi bila maji hufunga choo.

Mlo huu hauzuii mafua wala hauchukui nafasi ya chanjo au dawa. Mwenye ugonjwa wa uvimbe wa utumbo, aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo karibuni au aliyewahi kuziba utumbo amwone daktari kwanza. Mwenye tumbo linalojaa gesi na kuuma mara kwa mara apunguze vitunguu na kunde, kisha azirudishe kimoja baada ya kingine ili amjue mkosaji.

Kwa mtoto mchanga hakuna cha kuongeza. Maziwa ya mama yana sukari maalumu ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya, nazo huenda moja kwa moja kuwalisha bakteria wa utumbo wake, hasa jamii ya bifido. Anyonye bila kuchanganyiwa kitu hadi miezi 6. Baada ya hapo uji wake uwe laini, na kunde zake ziive hadi zipondeke, tena ziwe kidogo, kwa sababu tumbo lake likijazwa makapi halitabaki na nafasi ya mafuta na protini anazohitaji ili akue.